Mama Mkubwa Aliyebaki Bondeni

Mama yangu mkubwa alikufa kabla hajaota meno. Kwetu mtoto wa namna hiyo hawekewi matanga marefu. Anazikwa, watu wanarudi mashambani, na mama yake anaambiwa atapata mwingine. Bibi alipata wengine kweli. Alimpata mjomba, kisha akampata mama yangu. Lakini ukimwuliza idadi ya watoto wake, alianza kuhesabu kwa yule wa kwanza, na wageni wasiojua habari walimwuliza huyo mkubwa anaishi wapi. Bibi alijibu, "Yuko bondeni." Wakadhani ni mkulima.

Bondeni ni huko chini kwenye udongo mweusi wa Mto Rufiji, ambako watu wetu walikaa na kulima mpunga mpaka serikali ilipowapandisha juu baada ya mafuriko, wakae kwenye vijiji vilivyopigwa mistari. Waliacha nyumba, miembe na makaburi. Kijiji kilichoachwa hivyo tunakiita mahame. Na mama mkubwa hakuzikwa hata kwenye mahame ya kwa babu, ambako mjomba na mama walikulia. Alizikwa ng'ambo ya mto, kwao bibi, kwa sababu mimba ya kwanza mwanamke hurudi kujifungulia kwa mama yake. Alizaliwa pale na akafia pale, baba yake akiwa bado anajiandaa kuja kuwachukua. Kwa hiyo katika ukoo mzima aliyelijua kaburi hilo ni bibi peke yake.

Lilikuwa na mibono miwili, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Ukizika huko unachomeka vijiti vibichi vya mbono, navyo vikishika mizizi umepata alama isiyooza na ambayo hakuna atakayeiiba. Ndiyo maana watu wanauita mbono kaburi. Hauna kuni za maana, mbuzi haugusi, na hata pori likifunga, mwenye akili zake akiona mibono miwili inatazamana anajua apite kando.

Bibi alitaka kitu kimoja tu: akifa azikwe pale, ubavuni kwa mwanawe. Alikitaka kwa ukaidi ambao mimi nimerithi na wenzangu wananilaumu kwa huo. Kila mjomba alipokuja kumsalimia nyumbani kwetu, pembezoni mwa Kibiti, salamu zilipokwisha tu alianza.

"Nikifa mnipeleke kwa mwanangu."

"Mama, mie pale sipajui."

"Ntu hupajua akipelekwa. Nipeleke nikuonyeshe."

Siku moja mjomba, kwa kuchoka au kwa mapenzi, sijui, aliweka kikombe chini akaapa. "Nionyeshe kaburi kwa kidole chako, nami wallahi nitakuzika hapo hapo, hata mto uwe umejaa. Lakini siwezi kuzunguka bonde zima na jeneza begani natafuta vichaka."

Bibi aliridhika. Ilibaki safari tu, na safari ndiyo haikupatikana. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara imefunguliwa, na kila mwenye mizani na magunia matupu alikuwa mfanyabiashara. Alinunua ufuta, akanunua mpunga, akapakia malori kwenda Dar es Salaam. "Baada ya ufuta, mama," alisema. Ufuta ulipokwisha kulikuwa na mpunga. Goti la bibi nalo lilikuwa limeanza kukataa, na kutoka Kibiti mpaka kule si mwendo wa goti lililokataa.

Basi ndipo wakaja wafadhili.

Neno hilo liliingia Kibiti pamoja na mitumba na soda za kopo. Zamani mtu akikwama alikwenda kwa nduguze. Sasa aliandika mradi. Walioandika miradi ya kuku walikuwepo, na ya asali, na kulikuwa na mzee mmoja mtaani kwetu aliyeandika mradi wa kumalizia nyumba yake. Shuleni kwetu mwalimu wa historia, kijana kutoka bara ambaye bado alikuwa anauogopa mto kwa ajili ya mamba, alisikia kwamba kuna ruzuku kwa vikundi vya wanafunzi watakaokusanya historia ya mahali pao na kutunza mazingira. Ilikuwa lazima viwe vyote viwili. Ukileta historia peke yake hupati, ukileta miti peke yake hupati. Tukakaa darasani tukafikiri namna ya kuviozesha, tukapata: tutaandika habari za mahame ya bondeni, na tutapanda miti ukingoni ili mto usiyale.

Mwalimu aliuliza nani ana mzee anayeyajua mahame. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa kidato cha tatu, na nilikuwa nanyoosha mkono kwa kila kitu.

Nilipomweleza bibi habari hizo hakuuliza ruzuku ni nini wala mazingira ni nini. Aliuliza, "Kuna gari?"

Gari lilikuwepo. Ruzuku ilipotoka tulikodi lori la mpunga lililokuwa linarudi tupu Ikwiriri, tukapakia miche kwenye viriba vyake, majembe, redio ya kunasia sauti, na bibi akakaa mbele kwa dereva kama bibi harusi. Kutoka Ikwiriri tulishuka kwa miguu, taratibu kwa ajili yake, tukavuka kwa mtumbwi. Mjomba alikuwa ameahidi kuja nasi ili aonyeshwe kaburi. Asubuhi ile ile mnunuzi wa ufuta alifika kutoka mjini, na mjomba akasema sisi tutangulie, yeye atakwenda safari ijayo.

Sijawahi kumwona bibi akiwa vile siku zote nilizoishi naye. Alikuwa anatembea ndani ya pori kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yake gizani, anajua kila kiti kiko wapi. Hapa alikaa fulani, mlevi wa tembo. Hapa mlikuwa na kisima, msikanyage. Hapa walifunga dungu, kibanda cha juu ya nguzo cha kufukuzia ndege wa mpunga, na mimi nilianguka kutoka juu nikavunja jino, hili hapa. Wenzangu walikimbia nyuma yake na redio, mwalimu akishangaa, maana sisi tuliona majani tu. Kisha bibi alisimama, akavua kandambili. Mibono miwili ilikuwa mbele yake, mirefu kuliko mtu, minene, na nafasi kati yao ilikuwa fupi hata nikaona aibu kuitazama. Niliwahi kufikiri makaburi yote yana urefu mmoja.

"Msalimie mama yako mkubwa," bibi aliniambia.

Nikamsalimia. Nilisema shikamoo kwa mtu aliyekufa hajui hata kukaa, na sikuona kichekesho.

Tulipanda miche yetu ukingoni, tukarudi Kibiti na kanda za sauti, na kila mtu alifurahi mpaka alipokuja bwana wa mradi kutoka Dar es Salaam kukagua. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu visivyofaa kwa tope. Aliuvuka mto bila kulalamika, akaitazama miche, akauliza ua uko wapi, maana ng'ombe na nguruwe mwitu wangeimaliza. Mwalimu alimweleza kwamba fedha za seng'enge ziko kwenye awamu ya pili. Bwana wa mradi alimweleza mwalimu kwamba awamu ya pili itatoka pale miche itakapoonekana inalindwa. Walielezana hivyo kwa adabu kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nasubiri mmoja wao acheke, hakucheka mtu.

Bibi, ambaye safari hiyo pia hakukubali kuachwa nyumbani, aliwasikiliza akiwa ameketi juu ya jembe. Mjomba safari hiyo alikuwa Dar es Salaam.

"Ua wa nini wa chuma?" alisema. "Ntoto wa Kirufiji akitaka ua hachomeki mbono?"

Alikuwa na haki. Ndivyo kila mtu kwetu anavyozungushia bustani. Unakata vijiti, unachomeka vinabanana, mvua mbili tatu una ukuta, na mnyama hauli. Mwalimu aliuliza vijiti vitatoka wapi. Mibono mingine ya pale ilikuwa ya makaburi ya watu, na bibi alisema ya watu haikatwi, wenyewe wapo hata kama hawapo. "Lakini yangu nina amri nayo," alisema, akaomba panga.

Mwalimu alimzuia mkono. Alikuwa mgeni lakini alikuwa na heshima. "Bibi, hii si ya kaburi?"

"Ya kaburi la mwanangu. Mwanangu hana choyo. Na mbono ukikatwa ndiyo unachangamka."

Aliikata yeye mwenyewe, yote miwili, mpaka usawa wa goti, nasi tukabeba matawi na kuyapunguza kuwa vijiti. Alikuwa na furaha, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mwanawe alikuwa amepata shughuli. Miaka yote ile alikuwa bondeni peke yake bila kazi, na leo kuna watoto wa shule, kuna bwana kutoka mjini, kuna vicheko, na yeye anatoa vijiti kwa wote kama mwenyeji anayetoa chakula. Bwana wa mradi alimpiga bibi picha akiwa amekumbatia fungu la vijiti. Baadaye tuliiona kwenye kijarida chao. Chini yake waliandika kwamba ni mwanajamii akishiriki.

Awamu ya pili ilitoka. Ua wetu waliupa jina, wakauita ua hai, na wageni wengine wakaletwa kuutazama, wakasema ni ubunifu wa wanafunzi. Wanafunzi tulikubali. Kwa fedha za seng'enge, kwa kuwa seng'enge haikuhitajika tena, tulipanda miche zaidi na kuzungushia ua mwingine, kwa vijiti vilivyokatwa kwenye ule ua wa kwanza. Halafu mradi ukafikia mwisho. Miradi ina tarehe, kama dawa. Waliandika kwamba umefanikiwa, na kwa siku ile waliyoandika ulikuwa umefanikiwa kweli. Mwalimu alihamishwa, redio ya kunasia sauti ikabaki kwa mwalimu mkuu, na sisi tukakazana na mitihani.

Bibi hakuwa na wasiwasi. Mibono yake ilikuwa imechipua. "Baada ya ufuta," alimwambia mjomba, akimwigiza sauti, na mjomba alicheka akasema safari hii kweli.

Kisha ikaja ile mvua ambayo mtu wa Rufiji wa umri wangu hahitaji kuambiwa ni ipi. Ilianza vuli ikakataa kuondoka. Barabara ilikatika, Ikwiriri ikawa kisiwa na bei zikapaa, na huko chini mto ukaacha njia yake ukatandaza mwili bonde zima. Watu walikaa juu ya madungu wakapika humo humo. Bibi alikuwa anaketi barazani anasikiliza habari za kila aliyepanda kutoka bondeni, na swali lake lilikuwa moja: maji yamefika wapi ng'ambo? Walimjibu kwamba ng'ambo hakuna kitu kinachoonekana.

Maji yalipokauka mjomba alifunga biashara ya ufuta bila kuombwa. Naona aliogopa. Alimkodia bibi gari dogo, na kutoka Ikwiriri vijana wakambeba kwenye kiti, nami nikiwa nyuma kwa sababu baada ya bibi ni mimi niliyekuwa nimeliona kaburi kwa macho.

Nilikuwa na hakika nitapajua. Nilijiambia njiani: kisima, halafu mwembe uliolala, halafu kulia. Tulipofika hapakuwa na kisima. Mto ulikuwa umeula ukingo pamoja na miche yetu yote, umeusogeza mpaka karibu na pale walipokuwa wanakaa watu, na juu ya kilichobaki umemwaga udongo mpya, laini, unaofika usawa wa mapaja ukilinganisha na zamani. Mazao ya mradi yalikuwa yamekwenda baharini. Kilichobaki ni ua. Maji yalikuwa yameung'oa na kuuvunja, na kila kipande cha mbono kilipoangukia kilikuwa kimeshika mizizi. Mibono ilikuwa kila mahali, yote mipya, yote ya kimo kimoja, inang'aa. Ile miwili ya bibi ilikuwa imekatwa magotini, na tope lilikuwa limeyafunika magoti, yakabaki machipukizi tu kama ya mingine yote. Popote uliposimama uliona mibono miwili inatazamana.

Bibi aliomba ashushwe. Alikwenda kwa magoti na mikono kutoka mbono hadi mbono, anafukua kidogo kwenye shina, anatazama, anaendelea. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nilikuwa na hasira ya kutaka kumpiga mtu, na hapakuwa na wa kumpiga. Mwalimu alikuwa amemzuia mkono. Bwana wa mradi aliuliza jambo ambalo mtu yeyote angeuliza. Mto nao haupigwi.

Jua lilipoanza kuwa kali mjomba alichuchumaa kwenye mibono miwili iliyokaa vizuri, akasafisha majani katikati yao kwa kiganja, akaita, "Mama, si hapa? Mbona pananijia kama ni hapa."

Mjomba hakuwahi kufika mahali pale maishani mwake. Bibi alikwenda taratibu, akafukua, akashika shina kwa vidole viwili.

"Huu wa mradi, mwanangu."

Mjomba akasogea mbele kidogo, akachagua mingine. "Basi hii."

"Na huu wa mradi." Alimfuta mjomba tope kwenye mkono, kama anavyofutwa mtoto. "Usinidanganye. Ungekuwa mwongo mzuri ningekubali."

Hakujaribu tena. Bibi alikaa palepale alipokuwa, akainua mikono akasoma Fatiha, akiwa hakuelekea mbono wowote, akajipangusa uso. Kisha akamwambia mjomba maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naacha ninachofanya.

"Kiapo chako nimekufungulia. Nizike karibu na barabara. Wewe ni ntu wa malori, utakuwa unapita."

Aliishi baada ya pale, lakini alikuwa ameacha ile tabia ya kuanzisha maneno kila mjomba akija. Mjomba ndiye aliyekuwa anaanza, anasema watarudi kiangazi, watachimba, watapata yale mashina ya zamani. Alikuwa anasema kweli, na alikwenda kweli, peke yake, akachimba, akarudi na malaria. Bibi alimuuguza huku akimtukana.

Bibi alifariki mpunga ukiwa unakomaa. Tulimzika Kibiti, mahali ambapo magari yanasikika. Watani walikuja kama ada, na mwanamke mmoja wa Kimatumbi, mtani wake wa siku nyingi, alijifunga upande wa kanga kichwani kama bibi alivyokuwa akijifunga, akajipinda goti, akamwita marehemu kwa sauti mbele ya watu wote: yuko wapi leo yule mfadhili wako aje akupe sanda ya awamu ya kwanza? Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi pia nilicheka, machozi yananitoka, maana bibi angekuwa hai angempita huyo mtani kwa mzaha mara mbili.

Siku ya kuanua tanga wageni waliondoka mapema. Mjomba alikuwa uani anakunja mikeka ya kuazima, mama yangu amekaa mbele ya masufuria anayasugua kwa majivu. Alipoanza kusema hakuacha kusugua.

"Kaka, sasa dada abaki na nani?"

Mjomba alisimama na mkeka mkononi. Akasema dada abaki na Mungu.

"Kwa Mungu yuko tangu zamani," mama alisema. "Mie nauliza, abaki na nani."